Mafuta ya alizeti kwenye pawatila: yanafaa?

Mkulima wa Kongwa: Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninalima alizeti na mtama kwa pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mkono linalotumia dizeli, na kila dizeli inapopanda bei huyatazama madumu ya mafuta niliyokamua mwenyewe nikajiuliza kituoni nafuata nini. Nimesoma kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Je, nikiyachuja vizuri haya ya alizeti, naweza kuyamimina moja kwa moja kwenye tangi?

Fundi wa Singida: Itawaka, ndugu yangu, na hapo ndipo mtego ulipo. Mafuta ghafi ya alizeti ni mazito kutiririka takriban mara kumi kuliko dizeli, kwa hiyo nozeli, ile inayopuliza mafuta ndani ya injini, hairushi ukungu bali matone yasiyoungua yote. Masizi hujikusanya kwenye ncha yake, ringi za pistoni hunata, na mabaki hupenya hadi kwenye oili ya injini na kuigandisha. Niliwahi kufungua injini ya namna hiyo baada ya msimu mmoja tu, oili ikatoka kama uji wa ulezi.

Mama Mashudu: Fundi amesema kweli kuhusu mafuta ghafi, ila biodizeli, yaani mafuta ya mimea yaliyogeuzwa kikemikali, ni kitu kingine. Mafuta huchanganywa na methanoli, aina ya spiriti, kiasi cha moja ya tano ya ujazo wake, pamoja na kostiki soda kidogo, katika joto lisilozidi nyuzi 60 kwa sababu methanoli huchemka karibu na 65. Gliserini, kimiminika kizito kinachojitenga na mafuta, hutuama chini, na kinachobaki juu, kikishaoshwa kwa maji na kukaushwa, hukaribia wepesi wa dizeli. Mvuke wa methanoli ni sumu na hushika moto upesi, kwa hiyo kazi hii haifanyiki jikoni. Tena biodizeli huyeyusha uchafu uliolala kwenye tangi, hivyo filta ya kwanza itaziba mapema, na mipira ya zamani hulainika. Mimi muuza mafuta ya kula nisingeunguza alizeti hata tone. Ningetafuta mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi mjini Dodoma, japo hayo lazima yapimwe asidi kwanza.

Mkulima wa Kongwa: Nashukuru, madumu nitayapeleka sokoni. Hiyo asidi, mama, hupimwaje?

Mama Mashudu: Yeyusha mililita 1 ya mafuta katika mililita 10 za spiriti ya isopropili, tia matone ya fenolftaleini, dawa inayobadili rangi asidi inapoisha, kisha dondoshea maji yenye gramu 1 ya kostiki kwa lita hadi rangi ya waridi ibaki. Kila mililita uliyodondosha ni gramu moja ya kostiki ya kuongeza kwa kila lita ya mafuta wakati wa kutengeneza biodizeli, juu ya gramu 3.5 za kawaida.