Mussoorie, Shimla au Darjeeling? Tunataka kupumzika na familia, tusaidieni kuchagua

Binti Kisutu (mleta uzi)
Habari za jioni wanajamvi. Tupo Delhi kwa shughuli ya kifamilia ambayo inaelekea ukingoni, na kabla ya kurudi Dar tunataka kupanda Himalaya tukapumzike kidogo. Hatutaki kukimbizana na vivutio. Tunataka kuamka saa tunayotaka, kuzunguka mjini taratibu, kunywa chai na kuangalia milima. Tumebaki na miji mitatu. Mume wangu anaitaka Shimla kwa sababu ya ile treni. Mimi picha za Darjeeling zimeniteka. Mwenyeji wetu hapa anasema Mussoorie, na hataki kusikia jingine. Nauli inabidi tulipe wiki hii. Aliyefika naomba msaada wake.

Mkaazi wa Delhi
Dada, unatuuliza nusu swali. Mnakwenda mwezi gani? Siku ngapi? Watoto wana umri gani? Kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba milima yote hiyo ina mvua kubwa na barabara hufungwa na maporomoko ya ardhi. Mei na Juni nusu ya Delhi inakimbilia huko kukwepa joto, mtakaa kwenye foleni ya magari mpaka watoto walie. Taja mwezi kwanza.

Mzee wa Reli
Shimla, wala msijiulize mara mbili. Reli ya Kalka hadi Shimla ilifunguliwa 1903, urefu wake ni kilomita 96, inapita mahandaki zaidi ya 100, na UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2008. Unaanzia Kalka chini kwenye joto, unapanda mdogo mdogo kama saa tano, miti inabadilika mbele ya macho yako mpaka unajikuta kwenye misonobari. Pale Barog treni inasimama, abiria wanashuka kununua chai na vitafunwa, na handaki refu kuliko yote, lenye zaidi ya kilomita moja, liko palepale mwisho wa jukwaa. Mtoto akishaona hayo hatayasahau.

Chai Rangi
Nimesoma Kolkata, na Darjeeling nilikuwa nakwenda kila nikipata likizo. Mzee wa Reli, hata Darjeeling kuna treni, tena ni kongwe kuliko yako: 1881, na UNESCO waliitambua 1999, miaka tisa kabla ya Shimla. Na huhitaji kuipanda safari nzima. Unachukua ile ya matembezi, Darjeeling hadi Ghum na kurudi, saa mbili tu. Inazunguka Batasia, pale reli inapojikunja duara, na hali ya hewa ikiwa safi unaiona Kangchenjunga yote, mlima wa tatu kwa urefu duniani, mita 8,586. Ukiwa Shimla theluji iko mbali huko upeoni. Darjeeling ukifungua dirisha, mlima huo hapo.

Mama Ilham
Binti Kisutu, hiyo “familia” ni nani na nani? Kuna mzee? Na hiyo “shughuli ya kifamilia” ya Delhi ni harusi au hospitali? Nauliza kwa nia njema. Watanzania wengi wanaokwenda Delhi wamepeleka mgonjwa, na hapo jibu hubadilika lote.

Binti Kisutu
Asanteni sana. Mama Ilham umepatia, ni hospitali. Mama mkwe amebadilishiwa goti la kulia. Anaendelea vizuri, anatembea na fimbo, ila ngazi bado zinamsumbua. Tuko na mume wangu na watoto wawili, mkubwa darasa la tano, mdogo yuko chekechea na akipanda gari lenye kona anatapika. Tunafikiria mwishoni mwa Oktoba, kama wiki moja hivi. Mama mkwe ndiye anayesisitiza twende. Anasema hawezi kuja India akaishia kuona wodi.

Mkaazi wa Delhi
Haya ndiyo ya kuanza nayo! Goti jipya, na sisi tumeshawapangia Darjeeling yenye vilima kila kona?

Oktoba mwishoni ni wakati mzuri, mvua zimekwisha na anga iko safi. Ila angalieni kalenda ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Huangukia Oktoba au Novemba, na siku hizo vyumba hupanda bei au hujaa kabisa.

Mama Ilham
Sasa nieleze yaliyotukuta Shimla, maana nilikuwa na mama yangu mzazi na yeye miguu ilikuwa haimruhusu.

Chumba tulikata mtandaoni. Tangazo lilisema “dakika tano kutoka Mall”. Mall ni ile barabara kuu ya juu ambako magari hayaruhusiwi. Hizo dakika tano ni za ngazi. Gari lilituacha Cart Road chini, wakaja wapagazi, kila mmoja akafunga sanduku mgongoni kwa kamba akaanza kupanda. Mama alipanda ngazi kumi, akakaa. Akapanda nyingine chache, akakaa tena. Giza limeshaingia, baridi inauma, na mtoto mdogo kalala begani kwangu. Tukafika. Kijana wa mapokezi akachukua paspoti zetu, akazitazama, akazirudisha juu ya kaunta, akasema hapa hatupokei wageni wa nje.

Nikamwambia tumeshalipa. Akasema hela itarudi. Kumbe kwa sheria ya India nyumba yoyote inayolaza mgeni wa kigeni inatakiwa ipeleke taarifa zake kwa serikali ndani ya saa 24, wanaiita Fomu C, na nyumba ndogo nyingi hazijajisajili kwa kazi hiyo. Badala ya kuandika kwenye tangazo, wanakusubiri ufike na mizigo yako. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, kajifunika kanga juu ya sweta, na hakuna aliyemletea hata maji. Mmoja wa wale wapagazi ndiye aliyetuonea huruma, akatupeleka hoteli nyingine. Ilikuwa ghali mno, lakini ilikuwa tambarare na walitupokea. Siku ya pili mama alikataa kutoka chumbani.

Kwa hiyo mji wowote mtakaochagua, pigeni simu kabla ya kulipa. Ulizeni mambo mawili: mnapokea wageni wa nje, na kutoka gari linaposimama hadi chumbani kuna ngazi ngapi? Wakikujibu “chache tu”, waambie wakutumie picha.

Mzee wa Reli
Pole sana Mama Ilham, mlitendewa vibaya kweli. Lakini hilo ni kosa la nyumba ile, mji umeonewa. Fomu C ni India nzima, hata Mussoorie wangekufanyia hivyo hivyo. Na Shimla ipo lifti ya umma inayopandisha watu kutoka Cart Road hadi Mall kwa tiketi ya bei ndogo. Ukifika juu, Ridge ni uwanja mpana tambarare. Mzee anakaa kwenye benchi, anatazama kanisa la Christ Church upande mmoja na milima upande mwingine, asubuhi nzima bila kupanda chochote.

Mama Ilham
Lifti naijua. Foleni yake unaijua wewe? Na bado lazima ufike kwenye lifti yenyewe.

Mwalimu wa Doon
Niliishi Dehradun miaka kadhaa kikazi, na Mussoorie iko hapo juu tu, kilomita 35 hivi. Dada, mwenyeji wenu anajua anachosema.

Barabara ya Camel's Back ina urefu wa kilomita tatu hivi. Inazunguka nyuma ya kilima kutoka mtaa wa Kulri hadi upande wa pili wa mji unaoitwa Library, na karibu yote haina mwinuko wa kuchosha. Ina vibanda vya kupumzikia, unapita makaburi ya zamani ya Waingereza, unakutana na watu wa makamo wamevaa masweta wanatembea polepole. Mama mkwe ataweza kutembea kipande, apumzike, arudi. Akichoka, Mall (Mussoorie nayo ina barabara kuu ya jina hilo) kuna baiskeli za abiria za magurudumu matatu. Kwa watoto kuna vibanda vya kwenye waya vinavyopanda Gun Hill. Kule enzi za Waingereza walikuwa wakipiga mzinga saa sita mchana watu warekebishe saa zao.

Halafu juu ya Mussoorie kuna Landour. Hapo ndipo mimi ningemlaza mgonjwa anayepona, na wala wazo si langu: mwaka 1827 Waingereza walijenga kituo pale kwa ajili ya wanajeshi wao waliokuwa wakiuguza maradhi. Wakati huo dawa ilikuwa hewa na utulivu, na vyote vipo hadi leo. Ni msitu wa mierezi, nyumba chache, kanisa la zamani, na pale Char Dukan vibanda vinavyouza chai ya tangawizi, mayai na chapati zilizojazwa viazi. Mnakaa nje, jua la asubuhi linawapiga, mtoto anacheza na mbwa wa pale. Saa nne zinapita hujui zimekwenda wapi. Ila toka sokoni hadi Char Dukan mkodi teksi, huo mlima ni mkali hata kwa mwenye magoti mazima.

Binti Kisutu
Mwalimu, hapo kwenye chai ya tangawizi mama mkwe ameniambia nikuandikie asante. Je, milima ya theluji inaonekana?

Mwalimu wa Doon
Ukiwa Mall unatazama kusini, yaani bonde la Doon, usiku taa zake ni nzuri kupita maelezo. Theluji unaiona ukiwa Gun Hill au kilima cha Lal Tibba kule Landour, asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Oktoba mwishoni mna nafasi nzuri. Lakini nisikudanganye: ni safu ya mbali. Kama shabaha yenu ni theluji ya karibu, Chai Rangi ana hoja.

Chai Rangi
Asante kwa kusema ukweli. Na Darjeeling si lazima kupanda vilima. Chukueni hoteli karibu na Chowrasta, pale kuna uwanja na mabenchi, magari hayaingii. Watoto wapelekeni bustani ya wanyama ya Padmaja Naidu wakaone panda wekundu na chui wa theluji. Humo humo kuna chuo cha kupanda milima kilichoanzishwa 1954, alikofundisha Tenzing Norgay, mmoja wa wale wawili wa kwanza kufika kilele cha Everest.

Mkaazi wa Delhi
Hiyo bustani iko mlimani, njia yake yote ni mteremko. Unamsahau mwenye goti kila ukiandika. Na kufika kwenyewe ni ndege hadi Bagdogra, halafu gari aina ya jeep karibu saa tatu za kona. Yule wa chekechea umemfikiria?

Chai Rangi
Kona zipo kote mkuu. Dehradun hadi Mussoorie barabara imenyooka?

Mwalimu wa Doon
Haijanyooka, lakini inakwisha mapema, kama saa moja na nusu barabara ikiwa wazi. Treni ya asubuhi kutoka New Delhi inawafikisha Dehradun mchana, watoto wanakimbia kwenye behewa, bibi ananyoosha mguu. Gari ni kile kipande cha mwisho tu. Mtoto asile chakula kizito kabla, akae mbele, na msimamishe njiani.

Msambaa Halisi
Samahani kuingilia. Mlima, baridi, msitu, chai ya tangawizi... vyote viko Lushoto. Kwa nini mama asirudi nyumbani, apumzike, mwezi wa kumi na mbili mkampeleka Usambara? Hakuna Fomu C, na lugha ni yake.

Mama Ilham
Lushoto naipenda, lakini mama mkwe wa watu yuko India sasa na amesema anataka kuuona mji wa kule. Tumsikilize mgonjwa.

Msambaa Halisi
Sijakataa. Nasema tu tunavisahau vya kwetu.

Mama Ilham
Jambo jingine, nyani. Miji yote hii wapo. Shimla kule hekalu la Jakhoo wananyakua miwani usoni, hawakurudishii mpaka uwape chakula. Mzee mwenye miwani na fimbo asipelekwe huko.

Mzee wa Reli
Hilo nakubali. Jakhoo waiache, ile sanamu ya Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye sura ya nyani, ya mita 33 wataiona wakiwa chini mjini.

Mkericho
Niaje wadau. Mimi niko Kericho na nimefuatilia huu uzi tangu juu. Chai Rangi, hiyo chai ya Darjeeling inasifiwa sana. Ina nini kushinda yetu?

Chai Rangi
Miche yake mingi ni ya aina ya Kichina, inakua polepole kwenye baridi, na majani yanasokotwa mazima badala ya kusagwa. Ya kwanza ya mwaka huchumwa kuanzia Machi. Usiweke maziwa wala sukari, utaiua. Shamba la Happy Valley liko hapo hapo mjini, limeanza 1854, wageni wanatembezwa kiwandani.

Mkericho
Chai bila maziwa hiyo ni dawa. Yetu inasagwa ndogo ndogo kusudi ishike maziwa na rangi itoke haraka, na ndiyo maana inauzwa dunia nzima.

Mkaazi wa Delhi
Jamani, goti! Binti Kisutu, daktari amesemaje kuhusu kukaa muda mrefu? Treni ya Shimla viti vyake ni vyembamba, saa tano mguu umekunjwa. Baada ya upasuaji wa goti huwa wanaonya damu isigande miguuni. Muulizeni, na muulizeni habari ya ndege pia, kama bado mna mawazo ya Bagdogra.

Binti Kisutu
Tuna miadi naye Alhamisi, nitamuuliza yote mawili. Darjeeling naona moyo wangu tu ndio umebaki huko. Mume wangu amesoma ujumbe wa Mzee wa Reli mara mbili, sasa anapendekeza wao wawili, yeye na mtoto mkubwa, wapande treni ya Shimla kwanza, sisi tutangulie Mussoorie. Mama mkwe hataki tugawanyike. Mwalimu, Landour kuna malazi yanayopokea wageni wa nje na gari linafika mlangoni? Na usiku vyumba vina kipasha joto?

Mwalimu wa Doon
Yapo, ila machache, na yanawahiwa. Kipasha joto mara nyingi unakikodi kwa malipo ya ziada kila usiku, ulizeni mapema. Bafuni muulize kama kuna maji ya moto saa zote au asubuhi tu. Kama Landour pamejaa, tafuteni upande wa Library, gari linafika karibu na Mall iko tambarare.

Mzee wa Reli
Baba na mwana kupanda treni wawili tu si wazo baya. Tiketi za Kalka ziwahini, Oktoba huisha haraka.

Mkericho
Na mkipita Darjeeling mwaka mwingine nileteeni robo kilo, nijaribu na maziwa.

Chai Rangi
Nitakutumia mwenyewe, lakini kwanza uniahidi kikombe kimoja bila maziwa.