Mrejesho: nilimhoji mwajiri kabla ya kuacha kazi

Wakuu, mrejesho. Wiki iliyopita niliuliza kama nitaonekana msumbufu nikimhoji mwajiri mpya wa Mwanza kabla sijaacha kazi yangu ya uhasibu Dar. Nimemhoji. Ile milioni moja na laki mbili ya mshahara waliyoniahidi kumbe ni kabla ya makato. Ukitoa kodi ya mshahara (PAYE) na asilimia 10 yangu ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), inazidi ya sasa kiduchu tu. Likizo siku 28, sawa. Nilipouliza aliyekuwa kwenye nafasi hiyo kaenda wapi, dada wa idara ya wafanyakazi (HR) akamtazama mwenzake, akafunga faili. "Hakuelewana na bosi." Na kabla yake? Wawili, ndani ya mwaka mmoja! Nauli nimejilipia mwenyewe, lakini sijutii. Barua ya kuacha kazi nimeifuta.