Naomba ushauri: nina siku mbili Cape Town, nataka kuujua mvinyo kwa kuuonja

BintiMarangu
Habari za jioni wakuu. Nafanya kazi kwenye mgahawa wa hoteli moja pwani ya mashariki Unguja, huu mwaka wa nne. Kufungua chupa najua, kumimina najua. Kinachonishinda ni pale mgeni anaposhika orodha ya mvinyo na kuniuliza hii Pinotage na hii Cabernet, zote mvinyo mwekundu, zinatofautianaje. Huwa najibu zote nzuri, moja nyepesi moja nzito, na moyoni najua nimekisia.

Mwezi uliopita mzee mmoja na mkewe walikuwa wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Wakaniambia, binti, tuchagulie wewe. Nikawapelekea mwekundu uliokuwa umeshinda kaunta tangu asubuhi, na mnajua joto la huku. Wakanywa nusu glasi kila mmoja, chupa wakaiacha mezani. Hawakusema neno baya, wakanishukuru na kwenda zao. Mpaka leo roho inaniuma.

Sasa mwezi wa pili nakwenda Cape Town kwa mafunzo ya kazi, na mwishoni nina siku mbili zangu mwenyewe. Fedha ni ya kubana. Niende mashamba gani? Nionje vipi bila kulewa, maana si mnywaji, glasi moja inanimaliza? Na nirudi na chupa gani?

Mjukuu_wa_Mzizima
Dada, umeuliza swali zuri na mwezi umeupata. Februari kule ni msimu wa kuvuna, utaona matrekta yamejaa zabibu na viwanda vinanukia juisi inayochacha. Niliishi Stellenbosch miaka miwili nikisoma, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Siku mbili hazitoshi kuzunguka kote. Mji wa Hermanus achana nao safari hii, ingawa Pinot Noir, mvinyo mwekundu wa shamba la Hamilton Russell, ingekufundisha mengi. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu. Siku ya kwanza nenda Stellenbosch, kama kilomita 50 kutoka mjini. Chagua mashamba mawili, ukizidisha sana matatu. Ulimi ukichoka hausikii tena kitu, hata wa mzoefu.

Anza Simonsig. Hao ndio waliotengeneza Kaapse Vonkel mwaka 1971, mvinyo wa kwanza wa mapovu Afrika Kusini uliochachushwa mara ya pili ndani ya chupa, kama wafanyavyo Champagne kule Ufaransa. Leo aina hiyo inaitwa Cap Classique na wageni wako wataiulizia. Kisha Kanonkop, chini ya mlima Simonsberg, uonje Pinotage. Zabibu hii ilizaliwa hapo hapo Stellenbosch. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold alichanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut, na kwa kuwa Cinsaut huko walikuwa wakiiita Hermitage, jina likatokana na zote mbili. Mgeni ukimweleza hivyo tu, tayari anakusikiliza.

Tofauti uliyoulizwa: Cabernet inakuachia ule ukakasi wa zambarau, ulimi unakauka na mashavu yanajivuta kwa ndani. Pinotage ina tunda zaidi, na nyingine utasikia moshi au ndizi iliyoiva sana. Ziweke glasi mbili sambamba. Usionje moja asubuhi na nyingine jioni, hutakumbuka chochote.

AbuuForodhani
Assalam aleikum dada yangu. Mimi sinywi na sijawahi kunywa, dini yangu hainiruhusu, lakini nimesimamia ukumbi wa chakula miaka 11 na mvinyo naujua kwa pua. Nakuambia hili kwa sababu umesema unaogopa kulewa. Sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita ladha ni harufu. Mwalimu wangu alikuwa ananimiminia, nazungusha glasi, nanusa, naandika, yeye anaonja. Tukilinganisha, mara nyingi tulikuwa tumeandika kitu kimoja.

Daftari langu halina matunda ya Ulaya ambayo sijawahi kuyashika mkononi. Nimeandika pera, embe bichi, ganda la chungwa, ukwaju, karafuu, tumbaku, ngozi ya kiatu kipya. Wewe ni mtu wa Marangu, andika kahawa, andika moshi wa jikoni kwa bibi. Harufu uliyokua nayo huisahau.

Kuhusu kutema: kila meza ya kuonjea ina chombo chake. Kutema si utovu wa adabu, wataalamu wote wanatema. Weka kidogo mdomoni, uzungushe ufike pembeni mwa ulimi, tema, subiri uhesabu mpaka kumi. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kuandika.

Na ile chupa ya wale wazee, usijilaumu sana. Kosa hilo nimeliona kwenye hoteli nyingi za pwani. Vitabu vinasema mwekundu uandaliwe kwa joto la chumba, lakini chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 au 18. Chumba chetu ni 30. Mwekundu uingie kwenye friji nusu saa kabla ya kufika mezani. Ukiwa wa moto, pombe ndiyo inayotangulia puani na tunda linapotea. Anza na hilo kesho.

Mgogo_Hombolo
Wakuu, mnampeleka dada Stellenbosch na hajapita Dodoma! Sisi huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Cape hawana, kwa sababu hatuna baridi ya kuulaza mzabibu. Baba yangu ana ekari mbili za zabibu ya Makutupora nyekundu, na jirani ana Chenin Blanc, zabibu nyeupe. Dada, hiyo Chenin ndiyo utakayoikuta Cape kila kona, wazee wa kule wanaiita Steen. Kabla hujasafiri nunua chupa moja ya Chenin kavu, yaani isiyo tamu, ya Dodoma, uinuse vizuri, uandike. Ukifika kule onja ya kwao. Zabibu ileile, ardhi nyingine, jua jingine. Hutahitaji mtu wa kukufafanulia maana ya eneo.

Usichukue ile tamu ya Dompo kwa zoezi hili, hiyo ni aina nyingine kabisa na ina wapenzi wake.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Kuna mwaka mnunuzi alituahidi kuja, hakuja, zabibu zikaanza kuchacha zikiwa kwenye matenga. Mama alikuwa anazitandaza juu ya turubai usiku ili zipate ubaridi. Hoteli zikiweka hata chupa mbili za Dodoma kwenye orodha, na mhudumu akaweza kuzieleza, huku shambani tunaliona.

Msafiri_Kusini
Siku ya pili nenda Constantia, iko ndani ya jiji lenyewe, nauli haitakuumiza. Groot Constantia ilianzishwa na Simon van der Stel mwaka 1685. Ingia na kwenye jumba la makumbusho, usiishie chumba cha kuonjea. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, wengine waliletwa kutoka Msumbiji na Madagaska, bahari hii hii yetu. Na baada ya utumwa kuisha, vibarua waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, utaratibu ulioitwa dop, ukaharibu vizazi. Mimi nilisimama pale muda mrefu kabla ya kushika glasi, na nilifurahi nilianza hivyo.

Jirani yake ni Klein Constantia. Omba kuonja Vin de Constance, mvinyo mtamu wa zabibu aina ya Muscat, zinaachwa zisinyae kwenye mti. Napoleon akiwa kifungoni kisiwa cha St Helena alikuwa akiletewa mvinyo wa Constantia. Ulipotea kwa miaka mingi, ukarudishwa kwa mavuno ya 1986. Kununua ni ghali, lakini kuonja tone moja utaweza. Uache uwe wa mwisho siku hiyo, maana baada ya utamu ule mvinyo mkavu utauona kama siki.

Mjukuu_wa_Mzizima
Naongezea mambo ya fedha. Piga simu shambani uulize ada ya kuonja. Baadhi wanaisamehe ukinunua chupa. Kula kwanza, na usiendeshe gari. Chupa za kurudi nazo zisizidi mbili, forodha yetu inaruhusu lita 2 za mvinyo bila ushuru. Mimi ningechukua Chenin moja na Pinotage moja, uwafungulie wenzako kazini muonje pamoja.

BintiMarangu
Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Kaka wa Hombolo, jana nimepata Chenin ya Dodoma mjini. Nimeipoza, nikamimina kidogo, nikakaa nayo barazani. Harufu ya kwanza embe bichi, hiyo sina shaka. Ya pili kama asali, kwa mbali. Kuna ya tatu naijua kabisa lakini jina halinijii. Kuhusu mwekundu, leo nimeomba nafasi ya chupa sita kwenye friji ya baa, meneja amekubali.

AbuuForodhani
Safi sana. Hiyo ya tatu usiilazimishe. Iache glasi dakika kumi ipate joto kidogo, uinuse tena ukiwa umefumba macho. Mimi nahisi ni pera, lakini usiandike kwa sababu nimesema mimi.

BintiMarangu
Si pera. Ni majani ya mchaichai yakisuguliwa mkononi. Nimeandika.