Mtu kaweka dole gumba kwenye meseji yangu, leo mbele ya mteja anasema "mimi sikuambiwa"!!!

KibodiMoto (mwanzisha uzi):
Wakuu salamu baadaye, nina hasira mpaka vidole vinagonga herufi mbili mbili. Nimetoka kikaoni sasa hivi, hata dakika kumi hazijaisha.

Mnamjua yule meneja wa mradi. Msijifanye hamumjui. Yule wa "hili tutaliongea pembeni", yule anayeanza kila barua pepe na "kama tulivyokubaliana" kwenye jambo ambalo hamjawahi kukubaliana tangu dunia iumbwe, yule ambaye ukimuuliza swali lenye majibu mawili, ndiyo au hapana, anakujibu "sawa". Huyo huyo.

Sasa sikilizeni. Jana mchana nimeandika kwenye grupu la mradi, nimeandika kama namwandikia mtoto wa chekechea, neno la kitaalamu hata moja hamna: "Leo usiku tunahamisha databesi kwenda seva mpya. Mfumo hautapatikana mpaka kesho saa sita mchana. Mtu asipange chochote na mteja kabla ya hapo." Sentensi tatu. Nikamtumia na barua pepe. Nikaandika tena kwenye tikiti, ile karatasi ya kazi ndani ya mfumo wetu wa kufuatilia kazi, na jina lake nikalitaja. Akaweka DOLE GUMBA. Lile la njano. Dakika mbili tu baada ya mimi kutuma, yaani mtu alikuwa macho, ana simu mkononi, ana chaji, ana intaneti.

Leo saa nne asubuhi napigiwa niingie kwenye video koli haraka, kumbe kapanga demo, mteja aonyeshwe mfumo unavyofanya kazi. Naingia nakuta mteja, mabosi wa mteja, mabosi zetu, watu arobaini kama hawajazidi, wote wamekodolea macho skrini nyeupe iliyoandikwa "mfumo haupatikani kwa sasa". Na yeye, kwa sauti ya upole kama anasoma tangazo la msiba, anasema: "Kwa kweli mimi sikuambiwa."

SIKUAMBIWA.

Jamani lile dole gumba lilijiweka lenyewe? Lilitoka kwenye simu ya nani? Nikafungua mdomo nijieleze, naongea, naongea, naona watu wananiangalia tu kama samaki wa kwenye chupa, kumbe kanizimia maiki! Yeye ndiye mwenye kikao, kanizimia maiki, kisha akaendelea: "Vijana wetu wa ufundi ni wazuri sana, ila wana changamoto ya mawasiliano." Mteja akatikisa kichwa. Mteja alitikisa kichwa wakuu, yaani nimeangushiwa jumba bovu mchana kweupe na mdomo wangu unacheza bila sauti.

Na kikao kilipoisha naletewa mwaliko, nimeandikishwa mafunzo ya siku mbili ya mawasiliano kazini. Mwaliko hauna linki na hauna saa.

Mimi nasema hivi, dole gumba siyo jibu. Ukiambiwa jambo zito kwenye mradi rudia kwa maneno yako ulichoelewa, "sawa, demo siweki kabla ya saa sita", maneno saba tu, utakufa? Dole gumba halafu sikuambiwa! Sitasahau.

SevaImelala:
👍

KibodiMoto:
SevaImelala wewe naomba usinijaribu leo.

NusuUzi:
Nimefika aya ya pili nikahema. Kwa kifupi kuna nini?

KibodiMoto:
Kwa kifupi mtu kaweka dole gumba halafu kasema hakuambiwa, na maiki kanizimia.

NusuUzi:
Ungeanza hivyo.

Povu_Limekauka:
Punguza povu kaka, kibodi italowa. Ila hapo kwenye samaki wa kwenye chupa nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

MzeeWaLogi:
Kijana, nani alikutuma uhamishe databesi usiku wa kuamkia demo? Nimekaa kwenye hizi seva tangu mnatambaa, hata mlinzi wa getini anajua siku ya demo hakuna kugusa kitu.

KibodiMoto:
Mzee wangu shikamoo. Demo haikuwepo kwenye kalenda! Aliongea na mteja kwa simu juzi wakiwa wawili tu, wakapanga, hakumwambia mtu, hakuandika popote. Sasa hapo nani hakumwambia nani? Halafu mimi ndiye niende mafunzo. Mimi!

MzeeWaLogi:
Marahaba. Hapo kakosea, sibishi. Lakini ngoja nikupe ya wenzako. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital kule Marekani, hawa wa kununua na kuuza hisa kwa kompyuta. Walikuwa wameweka programu mpya kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika. Asubuhi kabla soko halijafunguliwa mfumo wenyewe ukawatumia wafanyakazi barua pepe 97 zinataja kosa. Tisini na saba! Hazikuwa zimetengenezwa kama tahadhari, kwa hiyo watu wakaziona ni takataka za kila siku, hakuna aliyeshtuka. Soko likafunguliwa, ile seva ya nane ikaamsha programu ya zamani iliyokuwa imelala humo miaka, ikaanza kununua na kuuza kama imepagawa. Dakika 45 tu, zaidi ya dola milioni 440 zimekwenda. Wewe unalia na meseji tatu.

KibodiMoto:
Mzee, hizo 97 hakuna aliyeziwekea dole gumba. Ya kwangu iliwekewa. Ndiyo tofauti yenyewe hiyo, angenyamaza tu ningempigia simu. Dole gumba ndilo lililonilaza usingizi nikajua kaelewa!

Povu_Limekauka:
Hapo kidogo ana hoja. Aliyenyamaza unamfuata, aliyeweka dole unamwacha.

HesabuZaGizani:
Grupu lenu lina watu wangapi?

KibodiMoto:
14. Tulikuwa 8, mradi ulipochelewa yule yule akaongeza 6 "tuongeze kasi".

HesabuZaGizani:
Basi hapo hapo. Watu 8 wana njia 28 za kuongea wawili wawili. Watu 14 wana njia 91. Chukua idadi ya watu, zidisha na idadi hiyo ukitoa moja, gawa kwa mbili. Fred Brooks aliyeongoza kazi ya programu za IBM aliliandika hili tangu 1975, kwamba mradi uliochelewa ukiuongezea watu unachelewa zaidi, kwa sababu wageni wanafundishwa na wale wale waliokuwa wanafanya kazi, na kila kichwa kipya ni mtu mwingine wa kuambiwa kila kitu. Mmetoka njia 28 mkaenda 91, meseji yako ilizama kwenye "nimepata asante", "pamoja sana" na picha za asubuhi njema.

KibodiMoto:
Haikuzama, aliiwekea dole gumba.

SevaImelala:
👍

KibodiMoto:
Modereta mko wapi?

BintiBagi:
Samahani lakini nyie madevelopa mna nguvu ya kulalamikia mawasiliano ya mtu? Nyie? Mimi ni mpima programu. Wiki iliyopita nimeandika tikiti ina hatua nane, ina skrinishoti sita, ina video nimechora na mshale mwekundu kitufe chenye bagi, yaani kosa la programu. Jamaa kaifunga na maneno matatu: "Kwangu inafanya kazi." Kwako! Kwa hiyo tumpelekee mteja laptopu yako? Tukupakie na wewe ndani ya boksi ukae kwenye meza yake?

Povu_Limekauka:
Hahaha tukupakie na wewe ndani ya boksi.

KodaAsiyelala:
Dada BintiBagi na wewe sema ukweli, nyingine mnaandika "haifanyi kazi" mnaondoka. Nini hakifanyi kazi? Kwenye ukurasa gani? Simu au kompyuta? Nimewahi kupata tikiti imeandikwa "bado" peke yake. Bado nini?

BintiBagi:
Siyo mimi huyo. Mimi naandika hatua nane.

PikselBovu:
Mnaongea kama mna matatizo. Mimi mteja wangu mahitaji yote anatuma kwa voisi noti. Juzi katuma ya dakika 11. Dakika tisa za kwanza anahema, anapanda ngazi, anasalimiana na watu, anamkemea mtu mlango, dakika ya kumi ndiyo anasema "halafu ile rangi ya juu ibadilike, unaijua". Siijui! Nimesikiliza mara nne. Nikamuuliza kwa maandishi ni rangi ipi, kajibu na voisi noti nyingine.

KodaAsiyelala:
Voisi noti kwenye mradi ipigwe marufuku. Huwezi kutafuta neno ndani yake, huwezi kuinakili kwenye tikiti, miezi mitatu baadaye mkigombana huna cha kuonyesha.

KibodiMoto:
Mimi nilikuwa na cha kuonyesha. Nilikuwa na dole gumba. Maiki ndiyo sikuwa nayo.

MratibuMchovu:
Naomba niingie japo najua mtanipiga mawe. Mimi ni meneja wa mradi.

BintiBagi:
Huyooo.

KibodiMoto:
NI WEWE?

MratibuMchovu:
Siyo mimi, tulia. Ila mjue kwa siku napokea meseji za mteja, za bosi, za madevelopa, za mhasibu, kwenye grupu sita, barua pepe, tikiti, simu, na kila mtu ya kwake ndiyo ya moto. Kuna siku naweka madole gumba natembea barabarani hata sisomi, nikiri tu. Lakini na nyie nikiuliza kazi imefika wapi naambiwa asilimia 90. Wiki ijayo asilimia 90. Wiki ya tano asilimia 90. Mteja akiniuliza nimwambie nini?

KibodiMoto:
"Naweka madole gumba hata sisomi." WAKUU MMEONA? Kakiri mwenyewe! Hawa watu wako hivi wote!

MzeeWaLogi:
Kijana, angalau huyu kasema ukweli. Jambo la kuzima mfumo huliweki kwenye grupu lenye picha za asubuhi njema, unapiga simu, ukishamaliza unaandika mlichoongea. Vyote viwili.

KibodiMoto:
Kwa hiyo kosa ni langu tena? Sawa.

Jogoo_404:
Hamjambo. Sijasoma yote ila mimi meneja wetu aliweka kikao kwenye kalenda 4:00. Yeye alimaanisha saa nne asubuhi. Kalenda inasoma saa kumi alfajiri. Simu ikalia, nikaruka kitandani, nikaoga, nikavaa shati, nikafungua kamera. Nimekaa peke yangu dakika 25 najiangalia.

Povu_Limekauka:
Dah, na shati ulivaa kabisa.

Jogoo_404:
Na shati.

PikselBovu:
Ulitakiwa ujue, nani anaweka kikao saa kumi alfajiri?

Jogoo_404:
Tuna mteja wa Marekani! Vikao vya ajabu ajabu ndiyo kawaida yetu, ningejuaje?

HesabuZaGizani:
Msidharau mambo ya vipimo. Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo kizima kule Mars. Programu ya Lockheed Martin, kampuni iliyokitengeneza, ilitoa namba za nguvu kwa vipimo vya pauni, upande wa NASA wakazisoma kama nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Kila upande hesabu zake zilikuwa sawa kwake mwenyewe. Chombo kikapita chini mno kwenye anga la Mars, kwaheri.

SevaImelala:
Saa siyo tatizo kubwa. Tatizo ni "usiku wa Jumanne".

Jogoo_404:
Usiku wa Jumanne una nini?

SevaImelala:
Ni upi? Ule Jumatatu ukilala unaamka Jumanne, au ule mchana wa Jumanne ukishaisha?

Jogoo_404:
Si ule mchana wa Jumanne ukishaisha. Kwani kuna mwingine?

MzeeWaLogi:
Hapana! Usiku unatangulia mchana wake. Jua likizama Jumatatu hapo ndipo usiku wa Jumanne unaingia. Sisi tumekua tukijua hivyo.

KodaAsiyelala:
Mzee hiyo ni ya zamani, seva inabadili siku saa sita usiku.

MzeeWaLogi:
Seva haijui Kiswahili.

BintiBagi:
Ndiyo maana mtu anaandika "usiku wa kuamkia Jumanne", na tarehe anaiweka. Mbona rahisi.

KibodiMoto:
Wakuu turudi kwenye mada. Mwaliko wa mafunzo nimeujibu nimeomba linki na saa. Kajibu na dole gumba.

PikselBovu:
SevaImelala hebu malizia, kwenu ilikuwaje huo usiku wa Jumanne?

SevaImelala:
Meneja katuandikia "zimeni seva usiku wa Jumanne tufanye matengenezo". Timu ya mtandao inaongozwa na mtu kama MzeeWaLogi. Timu yetu inaongozwa na mtu kama Jogoo_404.

Jogoo_404:
Sasa seva ikazimwa usiku upi?

SevaImelala:
Yote miwili. Na matengenezo hayajafanyika mpaka leo.