Naomba ushauri: kahawa naikaanga mwenyewe, inaungua nje ndani bado mbichi

Habari zenu wakuu. Niko Tabata. Nimechoka na kahawa ya kopo, nikaagiza kilo 2 za arabika mbichi kutoka Mbinga, zikaja na basi. (Watu wa Bukoba msininunie, robusta yenu nitaifikia.)

Mkaango wa kwanza nilitumia kikaango chepesi cha bati, gesi juu. Dakika 5 tu punje zikaanza kulia pa! pa! kama bisi, moshi ukatanda mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga. Nikazima. Nikapasua punje moja kwa meno: nje nyeusi tii, katikati rangi ya mchanga. Kikombe kikawa kichungu na kichachu kwa mpigo. Mara ya pili nikashusha moto, nikakoroga dakika 25, mkono ukafa ganzi, na hazikulia kabisa. Ladha yake uji wa jana.

Sasa wanaojua, tatizo ni kikaango au moto? Chungu kizito kwenye mkaa kitanisaidia? Halafu nilizitwanga kwenye kinu zikiwa bado za moto. Jirani anasema ningeziacha siku moja mbili zitoe hewa kwanza. Ni kweli?

Na hili joto la Dar na unyevu wake, kilo moja na ushee iliyobaki niiweke kwenye mfuko wa katani au ndoo ya mfuniko? Naogopa ukungu. Kashata ninazo tayari, kahawa ndiyo inaniangusha.