Nyayo zote mbili zinakufa ganzi, sindano ya neva kwa kemisti ni pesa ngapi?

Boda_wa_Kondele: Wadau, hamjambo. Hii ni wiki ya tatu nyayo zangu zinakufa ganzi. Ilianzia vidoleni, sasa imefika kwenye vifundo. Usiku zinachoma kama nimekanyaga makaa, mchana patipati inachomoka nisijue mpaka nigeuke nyuma. Nina miaka 34, sina kisukari, simezi dawa yoyote. Kemisti wa hapa stendi anasema anidunge sindano ya neva. Bei ya haki ni ngapi?

Nyalenda_Juu: Mtetemo wa pikipiki huo. Vaa glavu nene na uache kushika usukani kama unanyonga kuku.

Mama_Omena: Glavu za miguuni? Usukani ukibana neva, ganzi hukaa kidole kidogo na nusu ya cha pete. Neva ikibanwa kwenye kifundo cha mkono, ni gumba na vidole viwili vinavyofuata. Ganzi ya nyayo zote mbili inayopanda kama soksi hutoka kwingine: sukari, upungufu wa vitamini B12, pombe, VVU, dawa. Na hiyo "sina kisukari" ulipimwa lini? Asubuhi kabla ya kula, ikisoma 7.0 mmol/L kwenda juu, inataka kupimwa tena hospitalini.

Mzee_wa_Ahero: Chang'aa! Mnakunywa bila kula halafu mnauliza neva zimeenda wapi. Kuna jamaa wa mpunga huku alianza hivyohivyo, mwishowe akawa anavuliwa viatu na watoto wake. Lakini hamsikii.

Dirisha_la_Dawa: Mzee, ngoja kidogo. Boda, miezi sita hii hukumeza dawa yoyote, hata za bure? Mkojo haujawahi kuwa rangi ya chungwa?

Boda_wa_Kondele: Sawa. Za TB. Huu ni mwezi wa tatu tangu nianze. Sikuzitaja kwa sababu ni za kifua, si za miguu. Na nimeziacha tangu Jumapili, mkojo sasa ni safi.

Dirisha_la_Dawa: Mojawapo ya hizo ni isoniazidi. Inamaliza vitamini B6 mwilini, na neva ndefu zinazofika nyayoni huumia kwanza. Pombe na lishe duni huharakisha. Ndiyo maana hutolewa pamoja na pairidoksini, yaani hiyo B6, kidonge kidogo, aghalabu miligramu 25 kwa siku. Ulipewa?

Boda_wa_Kondele: Mwezi wa kwanza. Wa pili wakasema imeisha, nirudi wiki ijayo. Sikurudi. Tayari kila asubuhi nameza vidonge vinne, vile vya dawa nne kwa pamoja. Na jioni napiga kidogo nipate usingizi. Naona nipumzike mwezi mmoja miguu ipone, kisha niendelee. Kuna ubaya?

Dirisha_la_Dawa: Upo. Neva hupona kwa wiki na miezi, bakteria hawakungoji. Ukikatisha, wanaobaki wanaweza kuwa sugu, na TB sugu ina dawa kali zaidi. Ganzi hii hutibiwa kwa kuongeza pairidoksini huku TB ikiendelea kutibiwa. Kiasi akipange afisa wa kliniki, kwa sababu B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo huleta ganzi. Sindano ya stendi mara nyingi ni mchanganyiko wa B1, B6 na B12, na hakuna atakayejua umepata kiasi gani.

Mlinda_Uzi: Nimemshika! Dawa nne ni za miezi miwili ya kwanza, baadaye hubaki mbili kwa miezi minne. Huyu yuko mwezi wa tatu na bado anameza nne? Uzi umetungwa, wadau, lindeni bando zenu.

Nyalenda_Juu: Na mimi niliyempa ushauri wa glavu bure!

Boda_wa_Kondele: Sijatunga. Mwezi wa pili nilikosa siku kumi, nilikuwa msibani Siaya. Wakasema nizimalize kwanza hizo.

Mama_Omena: Basi inaingia akilini, na hizi za sasa ni siku za ziada. Mgongo unauma? TB huingia pia uti wa mgongo. Miguu ikilegea, mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, au ganzi ikishika sehemu unazokalia, nenda Russia, ile hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu, saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Vivyo hivyo mdomo ukipinda au upande mmoja ukifa ghafla. Na ukianza kuchanganya nyekundu na kijani, sema, hiyo ni etambutoli, mojawapo ya zile dawa nne, imegusa macho.

Boda_wa_Kondele: Mgongo mzima, macho mazima. Nitaenda Alhamisi, kesho kuna wateja wa soko.

Dirisha_la_Dawa: Kesho asubuhi, kabla ya soko. Beba kadi na vidonge vyote vilivyobaki wavihesabu. Usimeze mara mbili kufidia. Pombe uitaje bila kuipunguza, ini lako linabeba dawa hizo.

Boda_wa_Kondele: Kadi iko chini ya kiti cha pikipiki. Mama watoto hajui.

Mama_Omena: Watoto wana miaka mingapi?

Boda_wa_Kondele: Mmoja saba, mwingine miwili.

Mama_Omena: Basi mwambie leo usiku. Kesho mnaenda wote wanne, na huyo wa miaka miwili aonwe kwanza.