Kura ya bahasha: hofu yangu haiko posta, iko mezani kwetu

Wadau, naomba tulijadili hili la kupiga kura kwa posta kwa dhati, maana Jumamosi tulibishana nyumbani mpaka chai ikapoa.

Shemeji yangu, dereva wa malori, alisema: "Kura ni siku moja, kituo kimoja, na wino kidoleni. Ikishapita posta, imeibiwa." Rais Trump naye alitangaza Agosti 2025 kwamba anataka kura za posta zikomeshwe hapa Marekani, na shemeji yuko upande wake.

Mimi napinga. Tunaishi jimbo la Washington, ambako tangu 2011 kaunti zote zinapiga kura kwa posta. Karatasi ya kura inatumwa nyumbani siku 18 kabla ya uchaguzi. Kule kwetu Likoni, Mombasa, siku ya kura ilikuwa ya mapumziko. Nilipanga foleni shule ya msingi tangu saa kumi alfajiri na hakuna bosi aliyeniuliza. Hapa uchaguzi ni Jumanne ya kazi. Nahudumia wazee, naingia zamu saa kumi na mbili asubuhi natoka usiku. Bila bahasha ile, kura yangu ingekuwa ya mdomoni tu.

Lakini shemeji hakutoa maneno hewani. Mwaka 2018 huko North Carolina, mtu aliyefanya kazi kwa kampeni ya mgombea mmoja wa ubunge alituma vijana nyumba kwa nyumba wakakusanya karatasi za posta za watu. Mgombea yule alikuwa anaongoza kwa kura 905. Bodi ya uchaguzi ilikataa kumthibitisha, na 2019 uchaguzi ukarudiwa. Wizi upo. Nilimwambia tu: "Shemeji, tazama walivyonaswa." Karatasi ya posta ina nyayo: nani aliiomba, nani alitia saini, ilirudi lini.

Saini yenyewe ndiyo ilitutesa sisi. Mama ana baridi yabisi. Alipojiandikisha aliandika jina lake lote kwa mkono ulionyooka. Sasa kalamu inamtetemeka, na jina linaishia kwenye mkwaruzo. Ikaja barua ya kusema saini ya bahasha hailingani na ile ya kujiandikisha. Ilikuwa imelala kati ya matangazo ya pizza, nusura niitupe. Tuliirekebisha siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Je, mama asiye na mtoto wa kumsomea Kiingereza?

Na si mama peke yake. Mkaguzi wa jimbo letu alichunguza uchaguzi wa 2020, na ripoti yake ya 2022 ikasema kura zilizokataliwa hazikufika asilimia 1, ila za watu weusi zilikataliwa mara 4 ya za wazungu. Hakukuta ushahidi kwamba wanaolinganisha saini walipendelea. Basi tatizo liko wapi? Mimi nadhani liko kwenye barua zinazofika kwa lugha isiyosomeka, kwa watu wanaohamahama nyumba.

Sasa niseme lile ambalo Jumamosi niliona haya kulisema mbele ya wazee. Nimewahi kukaa sebule moja, bahasha tano zimepangwa mezani, kalamu moja, na baba mwenye nyumba anasema, "Leteni niwajazie, mtie saini tu." Mkewe alisogeza yake bila neno. Kule Likoni, ukishaingia nyuma ya lile boksi la kadibodi, hata mumeo hajui umeweka alama wapi. Siri ile ndiyo tumeipoteza, na hakuna mashine inayoweza kuiona kwenye saini. Ufaransa ilifuta kura ya posta mwaka 1975 kwa sababu ya wizi, lakini sitaki tufike huko, maana atakayefungiwa mlango ni mimi na wenzangu wa zamu.

Estonia wanaopiga kura kwa intaneti wanaruhusiwa kupiga tena, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Kila kaunti ya Washington tayari ina kituo ambako mtu anaweza kwenda kupiga kura mwenyewe. Kwa nini mke yule wa sebuleni asiruhusiwe kwenda pale, akiwa peke yake, aifute ile ya mezani?

Nawauliza hasa akina mama mlio hapa, na ninyi akina baba mnaojaza: kwenu bahasha zinafunguliwaje?